Yah: Breki Zinazokamata

Kituntu, Karagwe
9 Machi 1987

Kwa Mzee Kamugisha,
Mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa Usharika.

Shikamoo Mzee, na Bwana asifiwe. Nakuandikia kwa unyenyekevu, ila na hasira kidogo imo, kuhusu pikipiki ya usharika niliyokabidhiwa mimi mwinjilisti wenu. Wiki mbili zilizopita fundi Telesfori aliitengeneza kwa amri ya Baraza. Mimi sikuomba.

1. Alifungua gurudumu la mbele, akaweka breki shu mpya na waya mpya. Sasa breki zinakamata. Miaka tisa nimekuwa nikisimama kwa kugonga mgomba wa Mzee Gaspari, pale tunapofanyia darasa la kipaimara, na hakuna aliyelalamika. Hata Gaspari mwenyewe alikuwa akipanda mwingine kila nilipomaliza mmoja. Nyumba nyingine zote nilizipita nikipunga mkono, watu wakasema, "Maskini mwinjilisti, hana breki." Leo kila nyumba lazima nisimame, nitafune kahawa ya kukaribishia wageni, niulizwe habari za ng'ombe nisio nao. Jana safari ya nusu saa ilinichukua saa nne, na ibada nikakuta imekwisha.

2. Alibadilisha pia sili za shokapu za mbele zilizokuwa zikivuja, akajaza oili. Zamani kila niliyempakia alitubu kabla hatujafika bondeni. Ildefonsi, yule mlevi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, unayemjua, aliokoka kwenye mteremko mmoja tu. Juzi nilimpakia tena. Alisinzia njia nzima, na alipoamka akaniomba nimshushe kilabuni. Je, Mzee, roho hii atadaiwa nani, mimi au Telesfori?

3. Hili ndilo linaloniuma. Barabara hiyohiyo ya kwa Gaspari inapita mlangoni kwa mama mkwe wangu, Stephania. Yeye ni Mkatoliki, nami nilimwoa binti yake Kokuhirwa katika kanisa letu la Kilutheri. Tangu siku ile hajanisemesha wala hajakanyaga kwangu, na wajukuu zake watatu hawamjui. Breki mbovu zilitusitiri sote wawili: mimi nilipita mbio, yeye akageukia shamba. Sasa nikipita nitakuwa nimemdharau, na nikisimama sijui nitasema nini. Naogopa, Mzee.

Kwa hiyo naliomba Baraza liamuru pikipiki irudishiwe ubovu wake. Breki shu za zamani ninazo, nimezihifadhi kabatini pamoja na vitabu vya nyimbo.

Nisalimie wazee wote wa Baraza, mama watoto, na kwaya, hata wale wa sauti ya nne. Telesfori mwambie sina kinyongo naye, ila asinikaribie.

Wako katika shamba la Bwana,
Projest, Mwinjilisti

NB: Barua hii ilikuwa mfukoni nikikuletea asubuhi hii, mama mkwe alipotokea katikati ya barabara na mkungu wa ndizi kichwani. Nikabana breki ya mbele kwa nguvu zote. Shokapu ziliinama, gurudumu likasimama shubiri moja tu kutoka miguuni pake. Hakukimbia. Alitua mkungu, akanionyesha mgomba uliosimama peke yake ukingoni mwa barabara, mbele ya nyumba yake, akasema, "Huu nilikupandia wewe. Miaka tisa unagonga wa Gaspari tu."

Nililia, Mzee, sioni haya kusema. Jumapili nampakia aje kuwaona wajukuu. Tafadhali, Telesfori asiguse hata nati moja, ila aje mapema aitazame na breki ya nyuma.