Kibuyu cha Kufungulia

Bethwel hakuwa na shamba la chai, hata mche mmoja wa kusingizia. Hakuwa na ng'ombe. Hakuwa na jino la mbele, wala cheti chochote, ingawa koti lake jeusi lilionekana kama la mtu mwenye vyeti viwili. Tena hakuwa na uwezo wa kuzaa. Katika ujana wake, wasichana wawili walipoanza kulitaja jina lake mbele ya wazee wa kanisa, alikimbilia kliniki akakatwa mirija ya mbegu, akatoka akipiga mluzi. Mkewe, Chepkemboi, aliyemwoa miaka mingi baadaye, hakulijua hilo.

Alichokuwa nacho ni baiskeli na mdomo.

Mwaka wa 1995, sokoni Kiptere, alimsikia mfanyabiashara wa ndizi, Mzee Osoro, akilalamika huku akinywa chai. Alikatwa mirija zamani, alisema, na sasa ameoa tena na bibi mpya anataka mtoto. Bethwel akavuta stuli.

"Mzee, mchai ukikatwa mpaka kisiki, hufa?"

"Hauwezi kufa. Unachipua."

"Sasa wewe ni mgumu kuliko mchai?"

Hapa kwetu hakuna anayeweza kubishana na hoja ya mchai. Osoro akakubali kutoa jogoo na mkungu wa ndizi ili atengenezewe dawa. Bethwel akaenda nyumbani, akajaza kibuyu kila alichokiona jikoni: makapi ya chai, maganda ya mti, jivu, magadi, na maziwa lala yaliyokuwa yamekwisha kukata tamaa.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Osoro akabisha mlangoni, kibuyu mkononi.

"Kijana, bibi yangu ana mimba. Nilikunywa nusu tu."

Tapeli mwenye akili angedai jogoo wa pili. Bethwel alikikodolea macho kibuyu. Alimfikiria Chepkemboi, ambaye wanawake wenzake walikuwa wameanza kumnong'ona kisimani, na ambaye kila jioni alikunja nguo za watoto wa dada yake polepole kuliko ilivyohitajika.

"Ulitia nini humu?" Osoro akauliza.

"Hiyo ni siri," akajibu Bethwel, na kwa mara ya kwanza alisema kweli. Ilikuwa siri hata kwake. Alikuwa amechanganya bila kutazama, na sasa asingeweza kuirudia dawa ile hata kwa kufungwa kamba.

"Basi nimekuja kusema asante tu. Niende."

"Mzee, ngoja. Hiyo nusu... niachie."

Osoro akakitikisa kibuyu. Kisha akaitazama baiskeli.

Bethwel akaanza kunywa. Alikunywa asubuhi, akanywa jioni, akikaza uso kama mtu anayesikiliza mahubiri marefu. Tumbo lilimfungulia kila mlango isipokuwa ule alioukusudia. Kibuyu kilipokauka, Chepkemboi alikuwa anafunga nguo zake kwenye leso.

"Mama anataka nirudi Siongiroi niombewe. Wanasema tumbo langu ni kavu."

Bethwel akakohoa.

"Wewe una maneno ya kila mtu, Bethwel. Leo yangu yameisha?"

Yalikuwa yameisha. Chepkemboi akaenda zake.

Bethwel akatembea kwa miguu hadi Kiptere, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Osoro, akiteremka kilima kwa raha juu ya baiskeli iliyokuwa ya Bethwel.

"Mzee, dawa haikufanya kazi."

"Najua," Osoro akasema, akifunga breki. "Hata mimi sikuionja. Nilimpa nguruwe wa jirani, akakataa, nikaimwaga nusu."

"Na kukatwa mirija?"

"Mimi nikatwe kwa nini? Nina watoto saba, na hata ile mimba niliitunga. Pale kwenye chai nilikuwa nalalamika kwa niaba ya shemeji yangu, nikaona aibu kumtaja. Nilikuja kwako kukucheka kidogo, nilipize kisasi cha jogoo wangu. Lakini muuzaji akiitamani mali yake mwenyewe, mnunuzi hupandisha bei." Kisha akashusha sauti. "Sasa, kijana, kumbe ni wewe uliyekatwa?"

Bethwel akaitikia kwa kichwa. Osoro, aliyekuwa na cheko tayari mdomoni, akaliacha.

"Shemeji alienda hospitali huko mjini," akasema. "Panda nyuma."

Daktari alisikia habari za kibuyu, akavua miwani, akafuta macho. Kisha akaeleza: mirija huweza kuunganishwa tena kwa upasuaji, hata baada ya miaka. Lakini kadiri miaka inavyopita ndivyo matumaini yanavyopungua, na hata mirija ikishika, mtoto si hakika. Yeye hatoi ahadi.

Bethwel alitamani kumfundisha kuuza.

Usiku huo hakulala. Kulipokucha akanunua karatasi. Barua ya kwanza ilikuwa na mchai, kisiki na machipukizi. Akaichana. Ya pili akaandika hivi: "Chepkemboi, tumbo lako halina kosa. Nilikatwa mirija kabla sijakuoa, nikanyamaza. Msomee mama yako, na wale wa kisimani pia. Daktari anaweza kujaribu, hana hakika. Ukirudi nitashukuru. Usiporudi, sitakuwa na la kusema."

Akaisoma tena akitafuta mahali pa kuongeza utamu kidogo. Pakakosekana. Akalamba gundi, akafunga bahasha, akaitumbukiza sandukuni pale posta, na kabla hajaondoka akaingiza vidole kwenye tundu kuhakikisha kwamba hawezi kuitoa tena.