Alama Nyekundu za Mlima wa Maombi

Jumatatu, 6 Mei

Mvua imekula barabara ya Mlima wa Maombi. Daraja limeenda, kona mbili zimeenda, lori la mchanga limelala matopeni kama kiboko. Na Jumamosi kanisa lote lazima lipande kuombea mavuno, kama kila mwaka. Mchungaji Muthama ameuliza nani anajua njia ya miguu. Akaongeza kwa upole kwamba kiti cha mwenyekiti wa wazee wa kanisa kiko wazi na Jumapili tutachagua.

Mkono wangu ulipanda wenyewe! Mzee Ndululu, anayekitaka hicho kiti kuliko mbingu, akasema eti mimi, Shemasi Musyoka, hupotea hata nikienda sokoni Kikima. Wivu tu. Nikasema njia hiyo naipita nimefumba macho. Mutindi, kiongozi wa mwethya, kile kikundi cha akina mama cha kusaidiana kazi, akasema afadhali tuchukue majembe tutengeneze barabara pamoja. Tulimshukuru kwa mawazo yake, tukaendelea na mambo makubwa.

Huo mlima mara ya mwisho niliupanda nikiwa darasa la sita. Bwana anajua. Naomba asiwaambie wengine.

Jumanne, 7 Mei

Nimepanda peke yangu kuitafuta njia. Nimeanguka mara nne, ya mwisho kwa makalio. Lakini nimeipata! Nisije nikaisahau, nimechora X nyekundu kwenye miti na mawe mpaka kileleni. Rangi ni ile iliyobaki tulipopaka mlango wa choo cha kanisa. Moja nimeichora kwenye ghala la Mutindi, maana kona ile ni mbaya. Hakuna aliyeniona.

Jumamosi nitatembea mbele, macho juu, kama mtu anayeongozwa na Roho. Wana wa Israeli walikuwa na nguzo ya moto. Sisi tuna rangi ya choo.

Jumatano, 8 Mei

Balaa! Nani hapa kwetu hajui X nyekundu ni ya nini? Serikali ikitaka kupitisha barabara, inakuchorea hiyo ukutani, halafu tingatinga linakuja. Sasa kijiji kizima kinasema barabara mpya inapita mashambani mwao. Mutindi ameketi mlangoni pa ghala na panga, anasema huyo wa tingatinga aanze na yeye. Chifu, ambaye hajui lolote, amesema ana habari kamili na atatoa taarifa.

Nilifungua mdomo niungame. Nikaona Ndululu ananiangalia. Nikasema tuombe. Wote wakausifu utulivu wangu. Mke wangu Ndila hakusema amina.

Alhamisi, 9 Mei

Kilio kimegeuka. Kuna mtu amekumbuka neno fidia. Sasa wanaolia ni wale ambao hawakuchorewa! Haroun wa duka la vifaa vya ujenzi anasema rangi nyekundu ilimwishia saa nne asubuhi, na anamshukuru Mungu kwa maendeleo. Kufika jioni kila kitu kina X: migomba, mizinga ya nyuki, jiwe la kusagia. Ndululu amechora choo chake. Halafu akachora na ng'ombe.

Mutindi ameifuta yake, akachukua akina mama wake na magunia ya mchanga, wakaelekea barabarani. Watu wengine hawaoni bahati hata ikiwapiga kofi.

Jumamosi, 11 Mei

Nimeongoza. Watu sitini, wamefunga, wanaimba. X ya kwanza ikatupeleka kwa choo cha Ndululu. Ya pili ikatupeleka kwenye mizinga. Hapo tulikimbia kidogo. Ya tatu niliiona mbali, juu, nikapaza haleluya. Tulipoikaribia, ikahama. Ng'ombe!

Tulipokifikia choo mara ya tatu, Ndululu akauliza kama mashemasi wanahitaji karatasi. Nikasema tunakizunguka kama Yeriko. Ndipo Ndila, kwa sauti yake ya kwaya, akaniuliza mbona gambuti zangu zina rangi ya choo cha kanisa.

Hata ng'ombe aliacha kutafuna.

Niliungama yote, pale pale, mbele ya choo. Kisha Mutindi akatokea, matope mpaka magotini, akatuuliza tunachelewa nini. Akina mama walikuwa wamejaza kona zote magunia na kulaza magogo penye daraja. Tulipanda kwa barabara ile ile ya zamani, nusu saa tu. Maji ya akina mama wote wa mwethya niliyabeba mimi.

Jumapili, 12 Mei

Mutindi ndiye mwenyekiti. Ndululu anasema yeye alikuwa upande wake tangu mwanzo. Mimi nimepewa mafuta ya taa na kitambaa, nifute kila X, ng'ombe akiwemo. Amenipiga teke. Nimelipokea kama adhabu ya Bwana. Nimelia mbele ya kanisa. Mimi ni mtu mpya kabisa.

Baada ya ibada mchungaji akatangaza kwamba Agosti tumealikwa na wenzetu wa Kitui, kwenye kilima kimoja karibu na soko la Kabati, ila barabara ya huko pia imebebwa na mvua. Akauliza kama kuna anayejua njia ya miguu.

Mkono wangu ukapanda wenyewe.

Nimetafakari sana. Kosa langu lilikuwa moja tu, nyekundu. Nimepita kwa Haroun. Buluu bado anayo.