Mistari Miwili ya Mzee Malimi

Watu wenye adabu wakisikia mzee ana siri, hunyamaza. Obedi hufungua begi.

Siri ya Mzee Malimi wa Usagara ilikuwa hii: Dorotea alikubali kuolewa naye kwa sharti moja, apime kaswende kwanza. Mzee, mgane mwenye ng'ombe mia na safari nyingi za minadani, aliona heri afe kuliko kupanga foleni zahanati mbele ya wakwe.

"Shikamoo mzee. Foleni ya nini?" alisema Obedi. "Unatobolewa kidole nyumbani, dakika tano, mchumba anaona mwenyewe. Na mkono wangu una baraka, haujawahi kutoa jibu baya."

"Marahaba. Jibu likiwa zuri, mtamba yule mweupe ni wako."

Hapo kwenye jibu baya Obedi alisema kweli tupu, jambo ambalo halimtokei mara nyingi. Vipimo vyake vilikuwa vya mimba, kavibandua karatasi. Wanaume wa Mwanza walitobolewa vidole toka Pasiansi mpaka Kigongo, na hakuna hata mmoja aliyepata mistari miwili. Usiku ule alimwota mtamba wake.

Jumamosi, nyumbani kwa kina Dorotea, binti alimpokea kwa heshima zote. "Karibu kaka, nipe mzigo." Akaingia nalo begi ndani, kama mgeni anavyopokelewa, akalirudisha baada ya chai.

Obedi akamtoboa mzee kidole, akadondosha damu kwenye kipimo, akaongeza matone matatu ya "dawa" yake, yaani maji ya bomba. Mstari wa kwanza ukatokea. Halafu, taratibu, ukatokea wa pili.

"Miwili ni nini?" aliuliza Malimi.

"Ni... ugonjwa, mzee."

Malimi akanyanyua fimbo. Obedi akaona mtamba anayeyuka na mbavu zake zinafuata. "Mzee, subiri! Siyo cha kaswende! Hicho ni kipimo cha mimba!"

Mzee akakitazama kipimo, akalitazama tumbo lake.

"Sasa ni ya nani?"

Dorotea alicheka mpaka akakaa chini. "Kaka, boksi zima ulilinunua dukani kwangu, duka la dawa pale njia panda. Unakumbuka mifuko ya watu tu, sura huzikumbuki. Yale maji yako nimemwaga, nikatia mkojo wa wifi Sabina. Ana miezi mitano. Haya, nyote wawili, twendeni zahanati."

Zahanati, kidole cha Malimi kilitoa mstari mmoja safi. Akapiga vigelegele kama mama mkwe.

"Na huyu?" aliuliza nesi.

"Mimi shahidi tu," alisema Obedi, lakini fimbo ilikuwa mlangoni. Akatobolewa. Mistari miwili, na safari hii hakuna wifi wa kumsingizia.

"Usihofu, inatibika," nesi alimwambia. "Geuka."

Mtamba mweupe alikwenda kwa kina Dorotea pamoja na mahari. Obedi alimsindikiza kwa macho akiwa amesimama. Kukaa alishindwa.