Mazishi ya Mke wa Komando

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Kanda mpya imefika na treni. Bi Restuta, mwenye banda la video hapa Lipangalala, Ifakara, aliileta mwenyewe kutoka stesheni, kaifunga kwenye khanga. Angekuwepo mumewe angemtuma, lakini Bwana Fidelis yuko Mlimba, anafanya kazi relini. Huja mwisho wa mwezi, kofia ya bluu kichwani hata akila.

Mimi ni mfasiri. Mzungu akisema, nami nasema kwenye kipaza sauti, watu wanaelewa. Kiingereza nilikipata seminari, mihula miwili, ingawa wa pili niliumwa sana.

Filamu yenyewe ni moto. Komando ana mke mzuri. Magaidi wanalipua gari, mke anakufa. Komando ananyoa ndevu, anachukua bunduki, anapanda pikipiki kwenda kulipa kisasi. Hapo nikapaza sauti, banda likatetemeka.

Bibi Domitila akasimama. Ni mtu mzima, akisimama yeye hata jenereta hupunguza kelele. Akauliza huyu mwanamume amemzika mkewe lini. Nikamwambia ana haraka, magaidi watatoroka. Akasema hata kama wanatoroka, maiti bado iko barabarani, na huyu ananyoa ndevu. Ndugu wa mke wamepewa taarifa? Nani amekaa na mama mzazi? Wanawake wote wakaguna. Mashimba, kamanda wa sungusungu wa wafugaji, akaongeza kwamba na hiyo kazi ya kwenda peke yake ni ujinga. Kwao mtu akivamiwa inapulizwa filimbi, wanatoka wanaume mia mbili, magaidi wanakamatwa kabla ya chakula cha mchana.

Niliona watu wanaanza kutoka. Nikasema kwa utulivu kabisa kwamba mazishi yapo, yamo kwenye kanda ya pili.

Wakakaa.

Gasper, karani wa ghala la mpunga, akakohoa. Ana kidato cha nne, anataka kipaza sauti changu tangu Pasaka. Akasema mbele za watu kwamba Mzungu hajasema neno hata moja kati ya niliyoyasema. Bi Restuta akatamka kwamba Jumapili ataamua nani abaki na kipaza sauti. Sina wasiwasi. Gasper ana Kiingereza, mimi nina watu.

Jumanne, 6 Agosti

Sikujua kwamba habari hukimbia hivi. Asubuhi kisimani nimeulizwa na akina mama wanne mazishi ni lini. Mchana nimekuta Bi Restuta ameandika ubaoni kwa chaki: NANE NANE SAA TISA, MAZISHI YA MKE WA KOMANDO. NYOTE MNAKARIBISHWA.

Kanda ya pili haipo. Nimeangalia ndani ya boksi, nimeangalia na chini ya boksi.

Mtu mwingine angekimbilia Mahenge. Mimi nimekaa, nimekula muhogo, na wazo limekuja lenyewe. Shemeji yangu Hermenegildi wa Mlimba ana kamera, hupiga video za harusi na misiba ya bonde zima. Msiba ni msiba. Nitasimamisha kanda ya komando pale gari linapolipuka, niweke ya shemeji, watu walie, nirudishe komando. Kazi ya dakika kumi.

Tatizo dogo: marehemu wa filamu ni Mzungu, waombolezaji watakuwa Wapogoro na Wandamba. Nimelitatua kabla muhogo haujaisha. Nitasema marehemu aliwahi kuwa nesi huku kwetu, akaacha wosia azikwe Afrika.

Jumatano, 7 Agosti

Mlimba kwa treni, kwenda na kurudi. Hermenegildi hakuwepo. Dada yangu, mkewe, akanifungulia kabati. Kanda hazina majina, ni herufi M za misiba na H za harusi. M zilikuwa mbili. Hakukuwa na umeme wa kuzitazama, nikazipima kwa mkono na kuchukua nzito. Dada akauliza kama naijua ni ya nani. Nikamwambia marehemu hana tabu.

Alhamisi, 8 Agosti, Nane Nane

Naandika yote.

Banda lilijaa hadi nje. Wanawake walikuja na khanga mbilimbili kama inavyotakiwa msibani. Walikuja na mchele na kuni. Nilidhani wanapita kwenda kwingine, kumbe ndiyo rambirambi ya mke wa komando. Mashimba alileta mbuzi, akasema mtu anayepigana peke yake anahitaji kusaidiwa.

Gari likalipuka. Nikabadilisha kanda kwenye deki, mikono myepesi, hakuna aliyeona. Likatokea jeneza, watu wanaimba. Nikaeleza wosia wa nesi kwa sauti ya huzuni. Nilikuwa na sauti nzuri mno leo. Banda zima likaanza kulia, na mimi kidogo.

Kisha mtu wa mbele akasema hilo ni kanisa la Idete. Nikajibu haraka kwamba makanisa yote ni ya Mungu. Mwingine akasema na huyo katekista anamjua. Halafu kamera ikageuka, na kwenye kioo akaonekana Bibi Domitila mwenyewe, ameshikwa mabega na wanawake wawili, anaita jina la Wendelin.

Wendelin ni kaka yake. Alizikwa mwezi wa sita mimi nikiwa Morogoro.

Bibi hakupiga kelele. Alikwenda mbele polepole, akaketi chini karibu kabisa na TV, akamtazama kaka yake akishushwa kaburini kwa mara ya pili. Nilikiweka kipaza sauti chini. Nimeona aibu. Naliandika neno hilo kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Lakini tazama bahati. Mwisho wa kanda kamera ilizunguka nyuma ya kanisa, kwenye masufuria, na hapo akaonekana Gasper. Gasper yuleyule aliyetuma salamu siku ile kwamba ana malaria, hawezi hata kuinua mguu, wamsamehe kuchimba kaburi. Kwenye kanda anainua paja la kuku. Banda zima likamgeukia, naye akakumbuka kwamba kuna kazi ghalani. Sikukuu ya wakulima, na ana kazi ghalani.

Nilikuwa natabasamu Bibi Domitila aliposimama. Akasema msiba umeliliwa, watu wana machozi usoni, hauwezi kuachwa hivyo. Lazima watu wale chakula pamoja, na tanga lianuliwe upya. Na aliyeutangaza msiba ndiye mfiwa, kwa hiyo atachota maji na kupasua kuni siku tatu. Wakanitazama mimi. Komando amebaki nje ya deki, hakuna aliyeuliza kama alilipa kisasi.

Ijumaa, 9 Agosti

Maji ndoo kumi na tisa. Kuni sikuhesabu. Mashimba alikaa karibu na kunieleza tena habari za filimbi.

Jumapili, 11 Agosti

Siku ya uamuzi. Nilivaa shati la misa. Gasper hakuja, kwa hiyo nilijua kipaza sauti ni changu.

Bi Restuta akaweka kanda ya komando tangu mwanzo, akampa kipaza sauti Bibi Domitila.

Bibi hajui hata «gudi moningi». Hakutafsiri chochote. Alimkemea tu. Komando alipochukua wembe alimwambia weka hicho, mwanangu, nenda kwa mama mkwe. Alipopanda pikipiki alimuuliza anaelekea wapi na wageni wako nyumbani. Gaidi mkuu alipotokea alimuuliza mama yake ni nani, kwa sababu sura hii ina wazazi. Watu walicheka hadi wakashikana. Mwishoni komando amewaua wote, amekaa peke yake ufukweni, Bibi akamwambia kwa upole: umeona sasa, baba, na bado hujalia.  

Wameomba irudiwe kesho. Kipaza sauti ni chake.

Jumanne, 13 Agosti

Nimelala, nimefikiri, nimepona. Kosa langu limeonekana waziwazi: sikuitazama kanda kabla ya kuionyesha. Sasa nimejifunza.

Filamu ya wiki hii ina komando mwingine, anayefunga ndoa na mpelelezi mwisho kabisa, na ndoa yenyewe haionyeshwi. Watu watadai harusi. Bibi Domitila atawapa harusi wapi? Mimi ninayo. Jana nilikwenda tena Mlimba nikachukua H, na safari hii nimeitazama yote, mara mbili, kwa Hermenegildi mwenyewe. Harusi ya mwezi uliopita, ya bomani, wageni wachache, wote wa Mlimba. Hakuna mtu wa Ifakara hata mmoja. Bibi harusi simjui. Bwana harusi ana kofia ya bluu ya reli, hakuivua hata wakati wa kula. Nimetaka kucheka, anafanana sana na Bwana Fidelis wa Bi Restuta. Watu wanafanana.

Nimemwambia Bi Restuta kwamba nimemwandalia jambo ambalo hatalisahau. Amefurahi. Amesema Alhamisi atakaa kiti cha mbele.