Koti la Kujaribu Tena

Jumatatu, 13 Mei
Mkuu Hsieh kanipa kazi: programu ya Python ya kuchota saa za mabasi kutoka seva ya jiji la Taipei, zionekane kwenye skrini za vituoni. Alhamisi wakubwa wa jiji wanakuja kutazama. Ikigoma, nahamishiwa dawati la simu za malalamiko. Mimi, kwa umri huu na kitambi hiki!

Ruo-han wa dawati la pili kashauri niandike kila funksheni, yaani kila kipande cha programu, kwa uangalifu. Uangalifu ni wa vijana. Nimebuni dekoreta: mstari mmoja juu ya funksheni, kama kuivisha koti. Ombi likishindwa, koti linajaribu tena lenyewe. Na tena. Mpaka kieleweke.

Jumanne, 14 Mei
Koti linafanya kazi. Nimejipongeza. Kisha njaa. Juu ya seva yetu ilikuwepo ile pakiti ya kijani ya bisi za nazi, ambayo mafundi wa huku huiweka kama hirizi ili mashine itulie. Nimekula. Dukani za kijani zimeisha, nikaweka ya njano. Bisi ni bisi.

Jumatano, 15 Mei
Balaa. Asubuhi seva ya jiji ilikwama kidogo tu, koti langu likaanza kubisha hodi bila kupumua. Jiji limetufungia mlango, ofisi nzima. Natafuta pa kujificha, Mkuu akaiona pakiti. Njano! Akauliza nani mwenye akili hizo. Hata mtoto anajua njano huiudhi mashine. Programu yangu hakuna aliyeitazama. Nilishusha pumzi kama niliyetua gunia, nikailaani njano kuliko wote.

Ruo-han akanisogelea, sauti chini.

"Kaka Shih, bisi hazigongi mlango wa watu mfululizo. Koti lako halina breki."

Nikamwambia nilikuwa napima uvumilivu wa jiji.

"Basi umeuona. Sogea."

Akaongeza mistari michache: subiri kidogo, subiri zaidi, kisha kubali umeshindwa. Akawapigia watu wa jiji, akaomba radhi kwa niaba yangu. Wakafungua.

Alhamisi, 16 Mei
Skrini zimewaka, saa za mabasi zimetokea, wakubwa wameridhika. Mkuu kanishika bega, kasema nibaki dawati langu. Nimemnunulia Ruo-han chai ya maziwa. Kanisihi nisiliguse lile koti.

Siligusi. Nashona jipya, livaliwe juu yake: kosa lolote likitokea, linalimeza kimya kimya. Saa ya basi isipopatikana, skrini iandike basi limeshafika.

Nani atalalamika?