Idara ya Kuwahi Wazee

Natangaza kwa heshima kubwa kwamba Idara ya Kuwahi Wazee, ambayo mimi ni mkurugenzi wake, imemaliza mwaka bila mgonjwa hata mmoja.

Jukumu letu ni kuwahudumia wazee wenye huzuni, msongo au ulevi kabla mambo hayajaharibika. Neno zito hapo ni "kabla". Mzee akija na tatizo, kachelewa. Akija bila tatizo, anatupotezea muda.

Ofisi iko ghorofa ya nne. Lifti ipo, inasubiri kamati.

Mwezi wa tano alipanda bibi mmoja, mkunga mstaafu. Alifika anahema, kashika ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tangu mzee wangu afariki, silali. Nilianza na kidonge kimoja cha usingizi. Sasa ni vitatu, na mchana natamani cha nne. Najiogopa."

"Ulianza lini?"

"Miezi mitano sasa."

"Ungekuja miezi sita iliyopita."

"Miezi sita iliyopita mume wangu alikuwa hai."

"Ndiyo maana ulikuwa na nafasi nzuri," nilimfafanulia.

Karani wangu, binti makini sana, akagonga muhuri: AMECHELEWA.

Mkunga hakufika mbali. Magoti yalimgomea ghorofa ya pili, akaketi kwenye ngazi kando ya fundi saa mstaafu, ambaye tulikuwa tumemkataa asubuhi hiyo kwa kosa la kunywa pombe. Wakaongea mpaka mlinzi akafunga jengo. Kesho yake wakarudi palepale. Baada ya mwezi walikuwa kumi na mmoja. Mkunga alipelekwa na wenzake kwa daktari wa zahanati, akapunguziwa vidonge kidogo kidogo. Fundi saa naye hakuachwa peke yake zile saa alizozoea kunywa.

Taarifa ilinifikia: huduma isiyosajiliwa inatolewa ndani ya jengo la serikali. Nikaandika barua ya kuwatawanya, nikashuka nayo mwenyewe baada ya chakula cha mchana.

Mkunga alininusa kabla sijafungua kinywa.

"Kaa, mwanangu."

"Nina barua, mama."

"Kaa nayo."

Nikakaa.

"Leo umeanza saa ngapi?"

"Saa saba."

Akaninusa tena.

"Saa tatu asubuhi," nikasema. Sikuwa nimemwambia mtu. Hata mama watoto, aliyehamia kwa binti yetu, nilimwambia ni dawa ya kifua.

"Unaogopa nini?"

"Kustaafu. Mwezi ujao."

Nilipanda ngazi mbilimbili kwenda kujiandikisha kwenye idara yangu. Karani alinipa fomu, akasoma majibu yangu taratibu, hasa pale penye "umeanza lini". Akavuta muhuri na wino.

"Binti, mimi ndiye mkurugenzi."

"Ndiyo, mzee. Utaratibu umeusaini wewe."

Akagonga. Alikuwa sahihi kabisa, na nimependekeza apandishwe cheo.

Nikashuka tena. Fundi saa alisogea, akanipa nafasi. Nilikohoa kidogo, nikaanza, "Ndugu wananchi..."

Mkunga akainua kidole.

"Ngoja zamu yako. Mwenzako hajamaliza kulia."

Nikangoja.