Mjomba Barafu Ahamia Ukoo wa Samaki

Mjomba wangu ndiye binadamu wa kwanza kujitangaza kwamba amehama ukoo wa watu na kujiunga na ukoo wa samaki. Alitangaza hivyo koridoni, mbele ya watu wote, akiwa na shati la mikono mifupi na kifua alichokitanguliza hatua mbili.

Kosa ni langu. Mimi ni mtunza vitabu katika kituo cha utafiti wa samaki, yeye ni mlishaji wa samaki wa chumba baridi, na mimi ndiye niliyemwazima kitabu. Humo alisoma kwamba ukibadilisha baridi ya maji ghafla, samaki hufa. Lakini ukiibadilisha nyuzijoto moja kwa siku, mwili wake hujipanga upya: mafuta ya chembe zake hubadilika yasigande, matamvua anayopumulia hurekebisha mwendo, na maisha yanaendelea.

Mjomba aliishia ukurasa huo.

"Mpwa wangu, hivi samaki ana nini ambacho mimi sina?"

"Magamba, mjomba."

"Hayo ni mavazi tu!"

Nafasi ya msimamizi wa vyumba vyote vya samaki ilikuwa imetangazwa, na Mkurugenzi angekuja kukagua baada ya wiki mbili. Miaka kumi na tisa mjomba alikuwa amelisha samaki, na alichowahi kupanda ni ngazi ya kubadilishia balbu. Safari hii alipania! Chumba baridi kilikuwa na nyuzijoto nane, na kila aliyeingia alivaa koti zito. Yeye angeingia na shati, akiongeza dakika tano kila siku, mpaka Mkurugenzi ajionee kiumbe aliyeizoea baridi.

Siku ya kwanza alitoka na midomo ya rangi ya wino. Siku ya nne alikaa dakika ishirini. Siku ya tisa alikaa robo tatu ya saa, tena akipiga mluzi! Akajipa jina la Mjomba Barafu, maana wenzake walichelewa kumpa.

Aliyeguna ni mama wa usafi peke yake.

"Kaka, humu siku hizi kuna joto. Hata mimi nimevua koti."

"Hongera, dada! Umekaa karibu nami, nimekuambukiza."

"Na samaki mbona wanahema hivyo?"

"Wananishangaa."

Siku ya ukaguzi Mkurugenzi aliingia na wageni watatu, wote wamefunga makoti hadi kidevuni. Mjomba alisimama katikati ya matangi, mikono kiunoni, kama sanamu inayosubiri kuzinduliwa.

"Mama Mkurugenzi, ushahidi hai ndio huu! Nyuzijoto nane, na sitetemeki hata ukope!"

Mgeni mmoja akafungua kifungo. Wa pili akajipepea kwa daftari. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa anatiririka.

"Hilo ni jasho la baridi," mjomba akawatuliza.

Mkurugenzi aliinama juu ya tangi, akatazama matamvua yanavyopigapiga, akakunja mkono wa koti na kutumbukiza kipimajoto.

"Ishirini."

"Mlangoni imeandikwa nane, mama!"

"Kipimo cha mlangoni kimekwama. Mtambo wa baridi unakufa polepole, siku hadi siku. Kwani wewe ulikuwa unapima wapi?"

"Mlangoni," mjomba akasema, kwa sauti ya mtu aliye mbali sana.

Samaki walipona kwa sababu joto lilipanda kidogo kidogo. Walihema kwa kuwa maji ya joto hubeba hewa kidogo, wakavumilia, wakazoea. Mjomba naye alikuwa amezoea chumba chenye hali ya hewa ya sebuleni, kazi ambayo hata mto wa kochi unaiweza.

Mtu mwingine angeomba radhi.

"Mtambo ndio ulioniangusha! Nipeni baridi ya kweli muone!"

Mkurugenzi akatabasamu. "Vizuri. Fundi anautengeneza leo. Ila siwezi kuwashtua samaki, kwa hiyo tutashuka nyuzijoto moja kila siku mpaka nane. Wewe keti nao saa zote za kazi, na shati hilo hilo. Mkifika wote, usimamizi ni wako."

"Umesikia, mpwa wangu? Anza kuniita bosi!"

Kwenye kumi na nane aliimba. Kwenye kumi na sita alibaki kuguna wimbo. Kwenye kumi na nne akanyamaza. Kwenye kumi na tatu aliomba chai, akaikumbatia badala ya kuinywa. Zilipofika nyuzijoto kumi na moja, saa nne asubuhi, tukasikia mlango unagongwa kutoka ndani.

"Nifungulieni! Jamani, nifungulieni!"

Mama wa usafi akausukuma kwa kidole kimoja. Haukuwa umefungwa. Kwa ndani huvutwa, na mjomba alikuwa akiusukuma kwa bega.

Mkurugenzi akaja na kipimajoto chake. Akapita tangi moja baada ya jingine, akipima na kuandika bila haraka. Mjomba alisimama pembeni, meno yakigongana kama vijiko kwenye droo, tumaini bado likimng'aa machoni.

"Samaki wote wazima," Mkurugenzi akasema, akifunga daftari. Kisha akamtazama mjomba kuanzia utosini hadi unyayoni. "Huyu mmoja mtoeni, asije akatuharibia maji."